Wachoraji wa Makerere

Shule ya sanaa ya Makerere, mjini Kampala, ambayo leo yaitwa kwa jina la mwasisi wake, Margaret Trowell, haikuzaliwa katika jumba la fahari. Ilianza mwaka 1937 barazani pa nyumba ya bibi huyo Mwingereza, ambaye aliwasimulia wanafunzi wake kisa, kisha akawaacha wakichore kama walivyokiona katika fikira zao, kwani aliitakidi kwamba Mwafrika hana haja ya kuiga mkono wa mchoraji wa Ulaya. Kufika mwaka 1939 kazi zao zilikwisha onyeshwa London. Cecil Todd, aliyemrithi mwaka 1958, hakuridhika na rai hiyo, akatilia mkazo kanuni na vipimo vya Kizungu. Nami, ingawa simnyimi Todd sifa zake, naona wanafunzi walioipa shule jina ni wale wa Bibi Trowell.

Kwetu Watanzania wa kutajwa mwanzo ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923. Baada ya Makerere alisoma katika shule ya Slade, London, akarejea kufundisha, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akapelekwa Uingereza kuwa balozi wetu wa kwanza huko. Ajabu ni kwamba miaka yote aliyokaa ughaibuni haikumbadilisha: aliendelea kuwachora Wachaga wake wakilima, wakivuna na kukata kuni, watu wengi katika kazi moja, wala hakuna mmoja aliyekuzwa kupita wenzake. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Mkulima wa mkoa wa Katavi, ambaye mazoea yake ni mpunga na mahindi, hatahitaji mkalimani kuielewa.

Mwingine aliyetoka Makerere ni Gregory Maloba, aliyesimamisha sanamu ya uhuru mjini Kampala mwaka 1962. Yumo pia Elimo Njau wa Marangu, aliyechora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a, nchi iliyomo pichani ikiwa ni ya Wakikuyu na watu wake ni Waafrika, kisha mwaka 1965 akashiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi. Kazi za Njau huyo, pamoja na za Theresa Musoke wa Uganda, zilitundikwa London mwaka 2021, pale Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, alipoalikwa kuonyesha kazi zake, naye akaona si adabu kusimama peke yake bila ya wazee waliomtangulia. Miongoni mwao alikuwamo Jak Katarikawe, dereva ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wa Makerere, bali Ntiro alimwona na kumwongoza.

Picha hizo, basi, zafika London na New York, ilhali mtoto wa Majengo, mjini Mpanda, katika mkoa huo wa Katavi, aliye zaidi ya kilomita 1,000 za reli kutoka Dar es Salaam, aghalabu hajapata hata kulisikia jina la Ntiro. Nakala za picha hizo zilizopigwa chapa vizuri hazina gharama kubwa, na ukuta wa darasa moja watosha kuanzia. Enyi walimu wa Majengo, nanyi wakuu wa Manispaa, nawaombeni mlitie jambo hili la kuzitundika shuleni katika shauri lenu la mwaka ujao.