Mfuko Mbadala Umetengenezwa kwa Kitu Gani?

Tangu tarehe 1 Juni 2019, matumizi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa yalipopigwa marufuku nchini Tanzania, nafasi yake imechukuliwa na mifuko tuliyozoea kuiita mifuko mbadala. Kwa kuwa mingi ni laini mkononi na ina sura ya nguo, walaji wengi huiamini kuwa ni ya pamba, na kwamba ikitupwa itaoza. Imani hiyo si sahihi. Sehemu kubwa ya mifuko hiyo ni plastiki iliyotengenezwa kwa namna nyingine, na manufaa yake kwa mazingira hutegemea ubora wake pamoja na idadi ya safari inazotumika.

Kitambaa kisichofumwa ni nini?

Kanga hufumwa: nyuzi za mtande hupishana na nyuzi za mshindio. Kitambaa cha mfuko mbadala hakifumwi. Kiwandani, chembe za plastiki iitwayo polipropilini huyeyushwa na kusukumwa kupitia matundu membamba sana, zikatoka kama nyuzi ambazo huvutwa kwa hewa na kutawanywa juu ya mkanda unaotembea. Kisha utando huo hupitishwa kati ya rola zenye joto, ambazo huzigandisha nyuzi pamoja katika vidoa vidogo vidogo. Vidoa hivyo huonekana mfuko ukitazamwa kwa karibu.

Vitambaa vya aina hii vina kazi nyingi. Hutumika kutengenezea barakoa, nepi za kutupa, taulo za kike, mavazi ya chumba cha upasuaji na vichujio vya hewa. Wajenzi wa barabara hutandaza vilivyo vizito chini ya kokoto ili zisichanganyike na udongo. Huko barabarani, kutooza ni sifa njema, kwa maana kitambaa hutakiwa kudumu ardhini miaka mingi. Madhara huanza pale kitu kisichooza kinapotengenezwa kwa matumizi ya dakika chache.

Mara ngapi zinatosha?

Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya kubebea bidhaa. Ilibainika kwamba mfuko wa polipropilini isiyofumwa hauna budi kutumika walau mara 11 ili mchango wake katika ongezeko la joto duniani uwe mdogo kuliko ule wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko wa pamba ulihitaji kutumika mara 131. Kwa hiyo, mfuko mbadala unaochanika katika safari ya pili ni hasara kwa mnunuzi na kwa mazingira pia. Nchini Kenya, mwaka 2019, mamlaka ya mazingira ilitangaza kupiga marufuku mifuko ya polipropilini isiyofumwa, baada ya soko kujaa mifuko hafifu isiyofaa kurudiwa.

Namna ya kuutambua mfuko bora

Kiwango kinachotakiwa Tanzania ni uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita moja ya mraba ya kitambaa. Mlaji anaweza kukadiria kwa mizani ndogo ya dukani. Mfuko bapa wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40, kwa pande zote mbili, una kitambaa cha mita za mraba 0.24, hivyo uzito wake, bila mikono, usipungue gramu 17 hivi. Ukiwa na gramu 8 tu, huo ni hafifu.

Pasipo mizani, zingatia yafuatayo:

- Ingiza mkono ndani ya mfuko. Vidole vikionekana waziwazi, kitambaa ni chepesi mno.
- Vuta mikono ya mfuko kwa nguvu ya wastani, uone kama mishono inaachia.
- Tafuta jina na anuani ya mtengenezaji, pamoja na uzito ambao mfuko unaweza kubeba.

Utunzaji

Fua mfuko kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni. Usiupige pasi, kwani joto huyeyusha nyuzi. Uanike kivulini, maana jua kali hudhoofisha polipropilini. Mfuko uliosahaulika juani hatimaye humeguka vipande vidogo. Huko si kuoza, bali ni plastiki kugeuka chembechembe na kuingia katika udongo. Samaki na nyama zitengewe mfuko wao.

Maneno "rafiki wa mazingira"

Maneno hayo peke yake hayatoshi. Mlaji aulize bidhaa imetengenezwa kwa malighafi gani. Vitambaa visivyofumwa vya pamba au vya nyuzi zitokanazo na miti huweza kuoza. Vile vya plastiki itokanayo na wanga wa mahindi huhitaji joto la mitambo maalumu ya mboji. Katika shimo la taka la nyumbani vitakaa muda mrefu. Vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto visitupwe chooni, hata kama ni laini kama karatasi, kwa kuwa vingi vina nyuzi za plastiki na huziba mabomba.

Mlaji anayelipia mfuko ana haki ya kupata mfuko wenye kiwango. Adai risiti, aurudishe ukiwa hafifu, na atoe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania muuzaji akikaidi. Na aliye na kikapu cha ukili nyumbani aende nacho sokoni. Hana haja ya kununua mfuko mwingine.