Sanduku la Umeme Lisilo na Waya wa Ardhi: Hatari kwa Mashine ya Wote

Katika vijiji vinavyopokea familia zilizohama, mashine ya kusaga na kibanda cha kuchaji simu vimekuwa mahali ambapo wenyeji na wakimbizi wa ndani hukutana kila siku bila kuitwa na mtu. Komite nyingi tunazozitembelea zilinunua jenereta kwa mchango wa pande zote mbili, kisha fundi wa mtaa akatengeneza sanduku la kutawala umeme kwa bati la friji iliyokufa au la pipa. Ndani akaweka disjonkta, swichi ya kuwasha mota na nyaya. Hatuyadharau masanduku hayo, mengi yana ufundi mzuri. Lakini karibu yote tuliyoyafungua yanakosa kitu kimoja: waya unaoliunganisha bati lenyewe na ardhi, ule ambao mafundi wetu huuita "tere".

Tuseme kwanza hatari iko wapi. Umeme wetu ni wa volti 220. Mota ikitikisika, nyaya husuguana na ukingo wa bati. Siku moja plastiki ya waya inachunika na shaba inagusa sanduku. Mashine haisimami, taa haizimiki, hakuna harufu. Sanduku zima sasa limebeba umeme, na yeyote atakayelishika akiwa amesimama kwenye udongo wenye maji anaweza kuwa ndiye njia ya umeme huo. Mkondo unaozidi miliampea 30 ukipita kifuani unaweza kusimamisha moyo, na huo ni mdogo kuliko unaowasha balbu ya kawaida ya zamani.

Wengine hutujibu: "Tumeishi hivi miaka mitatu, hakuna aliyekufa." Inawezekana, na kuna sababu. Jenereta nyingi ndogo hazina waya wowote ulioungwa na chasi, kwa hiyo kosa la kwanza mara nyingi halimpigi mtu. Linajificha tu. Kisha waya wa pili unachunika mahali pengine, kwa mfano kebo iliyolala kwenye matope, na hapo ndipo mtu anapigwa.

Katika kijiji kimoja cha Kalehe, mama mmoja mkimbizi alirushwa na sanduku la mashine baada ya mvua, akiwa pekupeku. Alipona. Ila kabla ya jua kuzama ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba wenyeji wametega dawa ili wakimbizi wasisage tena, na wenyeji nao wakasema wageni wameharibu mashine kwa kusudi. Wazee walikaa siku mbili. Fundi alipolifungua sanduku mbele ya watu wote na kuonyesha waya uliochunika, maneno yalipungua, ingawa hayakuisha. Ndiyo sababu tunaandika juu ya nyaya katika gazeti la amani.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi, lakini ifanywe na fundi anayejua umeme, jenereta ikiwa imezimwa. Ndani ya sanduku atoboe tundu moja la buloni ya kazi hiyo tu. Rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae, kwa maana rangi huzuia umeme na buloni iliyokazwa juu ya rangi ni pambo. Hapo ndipo waya wa kijani na manjano ufungwe, wenye unene sawa na nyaya za umeme zinazoingia. Mlango nao upate waya wake laini unaoufuata ukifunguliwa. Bawaba zina kutu na grisi, zisitegemewe. Bati la mota liunganishwe vilevile. Kila tundu la kupitisha kebo livalishwe mpira, kwani kosa la Kalehe lilianzia hapo.

Toka kwenye buloni, waya uende kwenye chasi ya jenereta, na chasi iende kwenye nondo ya shaba iliyozikwa. Kisha, kwenye jenereta yenyewe, waya mmoja wa umeme, yaani nyutro, uungwe na chasi. Uungwe mahali hapo pamoja tu, usirudiwe ndani ya sanduku. Sasa waya ukigusa bati, umeme unapata njia fupi ya kurudi na disjonkta inaruka. Kama umeme wenu unatoka kwenye laini ya kampuni, msiguse nyutro yao. Muulizeni fundi wao, ninyi tengenezeni nondo yenu.

Hapa watu wengi hudanganyika. Wanapiga nondo, wanafunga waya, wanadhani yamekwisha. Tuchukue laini ya kampuni na nondo yenye upinzani wa omu 50. Gawanya volti 220 kwa 50, unapata ampea 4.4. Disjonkta ya ampea 16 haitaruka kwa hizo, na sanduku litabaki na umeme mchana kutwa. Kwa hiyo tunasisitiza disjonkta ya diferansieli ya miliampea 30, ambayo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata ukipotea kidogo. Hata kwa jenereta iwekwe, baada ya ule muungo wa nyutro, kwa sababu jenereta ndogo mara nyingine haina nguvu ya kurusha disjonkta ya kawaida. Ni kifaa cha bei kuliko vyote tulivyotaja. Komite ikilazimika kuchagua kati yake na rangi mpya ya sanduku, jibu tunalijua.

Udongo nao una maneno yake. Kwenye udongo mwekundu wa vilima vya Masisi au Kalehe, nondo ya mita 2 huingia kwa nyundo na kushika vizuri. Kutoka Goma kuelekea Sake, kwenye mawe ya volkano, nondo hugonga jiwe kwenye sentimita 30, na mawe hayo makavu hayapitishi umeme vizuri. Huko ni afadhali kuchimba mtaro, hata kama unafika sentimita 60 tu, kulaza humo waya mtupu wa shaba wenye urefu wa mita nyingi, na kuufunika kwa udongo mweusi ulioletwa kutoka mashambani. Chumvi ambayo wengine humwaga inakula shaba na mvua huiondoa. Mahali maji ya kunawia yanapomwagika panafaa, mradi watoto wasichezee waya.

Diferansieli ina kibonyezo cha majaribio. Kibonyezwe mara moja kwa mwezi, na mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja wasaini daftari kwamba iliruka. Isiporuka, mashine ifungwe siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya soko. Na mtu akishikwa na umeme, msimvute kwa mkono: zimeni jenereta kwanza. Kwa hiyo kila anayesaga, hata mgeni wa jana, aonyeshwe mahali pa kuizimia.