KINACHOLIPWA NI KAZI, SIYO MIGUU



Katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita tunao wenzetu wenye ulemavu. Wengine hawaoni, wengine ni viziwi, wengine hawana mguu. Wakipata kibarua, mara nyingi tunasikia: "Huyu mpe nusu. Ashukuru kapata kazi."

Je, ni haki? Hapana!

Tuchukue mfano. Watu wawili wanahesabu marobota ya pamba kiwandani. Mmoja anatembea, mwenziwe anatumia baiskeli ya magurudumu matatu. Hesabu ni ileile, saa ni zilezile. Basi na mshahara uwe uleule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake, hata katika malipo.

Tena Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara. Amri iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka shs. 140,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kilimo. Amri nyingine ilianza Januari 1, 2026, ikapandisha mishahara. Mwajiri akilipa chini ya kima, amevunja sheria.

Na kupata kazi je? Sheria ya 1982 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aajiri walemavu 2 katika kila 100. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iliongeza. Sasa ni mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, na wasipungue 3 katika kila 100. Mgodi wenye wafanyakazi 200 uwe nao 6. Piga hesabu mwenyewe.

Karasha lenye watu 12 halimo katika hesabu hiyo. Lakini nalo haliruhusiwi kubagua wala kupunja.

Ukipunjwa ufanye nini? Hapo ndipo kisomo kinapofaa. Chukua daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi na kila shilingi uliyopokea. Nenda kwa Afisa Kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikawie! Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha shauri kwenye Tume. Madai mengine ni siku 60.

Jirani asiyeona hawezi kuandika daftari hilo? Mwandikie, kisha msomee.

Maswali ya kujadili:
1. Kijijini kwetu nani analipwa nusu?
2. Nani atamwandikia?