Je, Wajua? Jimmy Speirs, Mskoti Aliyelifungulia Kombe Njia

Je, wajua kwamba kombe la FA lililotumika England kuanzia mwaka 1911 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilitengenezwa na masonara wa Bradford, kampuni ya Fattorini, na kwamba timu ya kwanza kulinyanyua ilikuwa Bradford City? Nahodha aliyelipokea alikuwa Mskoti, Jimmy Speirs, mzaliwa wa Govanhill, Glasgow, mwaka 1886.

Je, wajua kwamba bao lililoleta kombe hilo alilifunga nahodha mwenyewe? Fainali ya kwanza, iliyochezwa Crystal Palace jijini London tarehe 22 Aprili 1911, ilimalizika 0-0. Wapinzani hawakuwa wa kubeza: Newcastle United ndio waliokuwa mabingwa watetezi. Siku nne baadaye timu zikarudiana Old Trafford, Manchester. Dakika ya 15 Speirs akapiga kichwa, mpira ukaingia, na Bradford City wakalilinda bao hilo hadi kipenga cha mwisho.

Je, wajua kwamba siku hiyo wachezaji wanane kati ya kumi na mmoja wa Bradford City walikuwa Waskoti? Uskoti ndiko ulikostawi mchezo wa kupasiana wakati Waingereza wengi bado walikuwa wakikimbia na mpira hadi wanyang'anywe. England iliruhusu soka la kulipwa mwaka 1885, nayo Uskoti ikachelewa hadi 1893. Vijana wa Glasgow wakavuka mpaka kufuata riziki, na klabu za kaskazini mwa England zikawapokea kwa mikono miwili.

Speirs alipitia Maryhill, akachezea Rangers, akapita Clyde kwa msimu mmoja, kisha mwaka 1909 akahamia Bradford. Alicheza mshambuliaji wa ndani. Jezi za zama hizo hazikuwa na namba, lakini wazee wa soka letu wangemwita namba nane au namba kumi: mtu wa kuunganisha kiungo na mshambuliaji wa kati, na bado anafunga.

Je, wajua kwamba mchezaji wa kiwango hicho aliichezea Uskoti mara moja tu? Ilikuwa Machi 1908, dhidi ya Wales, mjini Dundee, na Uskoti ilishinda 2-1. Hakuitwa tena. Kwangu mimi huo ulikuwa uonevu, maana mtu aliyeongoza timu ya Ligi Daraja la Kwanza hadi kutwaa kombe alistahili zaidi ya dakika 90 za taifa lake.

Je, wajua kwamba Bradford City ilikuwa klabu changa mno iliposhinda? Ilizaliwa mwaka 1903 kutoka klabu ya raga ya Manningham, ikakubaliwa kuingia ligi kabla haijacheza hata mechi moja ya soka. Miaka minane tu baadaye ilikuwa na kombe, na msimu huohuo ikamaliza ya tano kwenye ligi, nafasi ambayo haijawahi kuipita.

Desemba 1912, Herbert Chapman, kocha ambaye baadaye angeijenga Arsenal, alimsajili Speirs kwenda Leeds City kwa pauni 1,400. Fedha hizo zilikwenda kwa klabu. Sheria ya England ilimzuia mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, au 5 kwa wachache waliotumikia klabu muda mrefu. Piga hesabu: ada hiyo ilitosha kumlipa mtu pauni 4 kwa wiki 350, karibu miaka saba. Wenye miguu walibaki na makombo.

Je, wajua kwamba Speirs alijitolea kwenda kupigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1915, kabla serikali haijaanza kulazimisha watu kuingia jeshini, ilhali alikuwa na mke na watoto wawili? Aliingia kikosi cha Cameron Highlanders, akapanda hadi cheo cha sajini, akatunukiwa Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa. Aliuawa tarehe 20 Agosti 1917 katika mapigano ya Passchendaele, Ubelgiji, akiwa na miaka 31. Kaburi lake liko Dochy Farm, karibu na Ypres. Mwenzake wa fainali ya 1911, Robert Torrance, naye Mskoti, aliuawa vitani mwaka uliofuata.

Na Leeds City? Oktoba 1919 ilifukuzwa kwenye ligi kwa tuhuma za kuwalipa wachezaji kinyume cha sheria wakati wa vita, na wachezaji wake wakapigwa mnada hotelini mjini Leeds, klabu moja ikinunua huyu na nyingine yule. Leeds United iliundwa baada ya hapo.

Bradford City ilifika tena fainali kubwa mwaka 2013, safari hii ya Kombe la Ligi, ikafungwa 5-0 na Swansea. Kwa hiyo hadi leo taji kubwa la klabu hiyo ni moja tu, lile la kichwa cha Jimmy Speirs.