Makala ya Jikoni, Makala ya Gazetini

Neno kaa lina herufi tatu tu, lakini limebebeshwa mzigo mzito: kaa la moto lililo jikoni, kaa mwenye magando anayekimbia kwa ubavu mchangani, na kitendo cha kuketi au kuishi mahali. Wapo wanaofundisha kuwa hili ni neno moja lenye maana tatu, kisha wakatafuta uzi wa kuzishona pamoja: kaa la moto hukaa mekoni, kaa wa pwani hukaa shimoni. Maelezo hayo yanapendeza, ila si ya kweli. Haya ni maneno matatu, kila moja na ukoo wake, ambayo matamshi yameyasugua karne kwa karne hadi yakafanana sura. Na ushahidi mzuri wa jambo hili haumlazimu mtu kwenda Unguja wala Mombasa; upo Kindu, mji wa mashariki mwa Kongo, ukingoni mwa mto Lualaba.

Kiswahili kiliingia Maniema, jimbo lenye mji huo wa Kindu, katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Mvumbuzi Livingstone alipofika Nyangwe, katika jimbo hilo hilo, mwaka 1871 aliwakuta wafanyabiashara hao wamekwisha kutulia. Waliokipokea walikuwa na lugha zao za Kibantu, nao wakakisema kwa masikio ya lugha hizo. Ndiyo maana mama anayeuza magunia yale meusi sokoni Kindu hauzi mkaa: anauza makala. Ukitaka kujua nyumbani kwake utamwuliza, “Mama, unaikala wapi?” Sikiliza herufi l katika maneno hayo mawili. Kiswahili cha pwani kiliidondosha l hiyo zamani, ilipokuwa katikati ya irabu, na si katika neno hili peke yake: njaa ya mwambao ni enjala kwa Waganda na nzala kwa wasemaji wa Kilingala. Hata pwani yenyewe haijaisahau kabisa. Mtu hukaa, lakini kiti hukikalia, na anapokikalia hutumia makalio. Nguo huvaa, lakini shughuli huivalia. L iliyofichwa hutokea tena mara kitenzi kinapoongezewa mkia.

Atatokea wa kupinga: makala ya Kindu si urithi wa kale, ni Kilingala kilichopanda mto kutoka Kinshasa pamoja na askari na muziki. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu Kilingala nacho husema makala, na sioni njia ya kuyatenganisha hayo mawili kwa neno hilo tu. Lakini kuikala hakuwezi kutoka huko: Kilingala kwa kuketi husema kofanda. Kwikala ni neno la Kiluba, na lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Kwa hiyo anayekiita Kiswahili cha Kindu kibovu kwa sababu ya l hiyo anamhukumu mtunzaji kwa kosa la mharibifu.

Amebaki kaa wa magando, na huyu ana siri yake. Weka kiganja mbele ya mdomo, umsikilize mzee wa Mombasa akisema kaa la moto, kisha kaa wa baharini, nawe umwige. Kwa la pili pumzi itakigonga kiganja. Kwa la kwanza hutasikia kitu. Pumzi hiyo ni kaburi la sauti ya puani iliyokuwa mwanzoni mwa neno, kama Kikongo kinavyoonyesha hadi leo kwa kumwita mnyama huyo nkala. Ndivyo ilivyo kwa paa la nyumba na paa wa porini: huyu wa porini hutamkwa kwa pumzi, naye ni jamaa wa impala wa Wazulu, ambaye sisi wenyewe tumemhifadhi katika jina swala pala. Tahajia yetu ya herufi za Kirumi haina alama ya pumzi, basi jicho linaona neno moja pale sikio la pwani linaposikia mawili. Waingereza nao wana bat, ambaye ni popo na pia gongo la kriketi. Popo huyo zamani alikuwa bakke, k ikageuka t, akaangukia jina la gongo bila undugu wowote.

Je, basi tubadili tahajia? Sioni haja. Sarufi yetu tayari inafanya kazi hiyo: kaa lile, kaa yule, amekaa, msomaji hajikwai. Na kuirudisha l mahali pote kusingetuondolea migongano, kwa maana Kindu penyewe umezaliwa mwingine. Mwanafunzi anayejua makala ya mama yake jikoni hufungua gazeti la Kiswahili, akakuta limeandikwa “makala ya wiki”. Hiyo ni maqala ya Kiarabu, maneno yaliyosemwa au kuandikwa, na haijawahi kukutana na moto.