Spika ya Mshazari

Mwimbaji asiyejisikia hutoka nje ya sauti. Ndiyo maana jukwaani huwekewa spika miguuni, imelala chali kidogo, ikimtazama usoni. Mafundi wengi huziunda wenyewe kwa plaiwudi ya milimita 18. Kazi huwa pale ubao wa mbele unapokutana na mwingine kwa pembe isiyo mraba.

Anayepima upande wa ndani na kukata, ubao wake umekwisha kupotea. Ukilaza msumeno nyuzi 45, uso mmoja unakuwa mrefu kuliko wa pili kwa milimita 18 hizo hizo. Ukiulaza nyuzi 15, tofauti ni karibu milimita 5. Basi pima uso wa nje. Na mbao mbili zikikutana kwa nyuzi 120, kila moja hukatwa kwa nyuzi 30, si 60, kwa sababu hesabu huanzia kwenye mkato ulionyooka. Plaiwudi ni ghali. Jaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki.

Msumeno wa mkono huchana uso wa chini, hivyo uso mzuri uwe juu. Wa umeme wa kushika mkononi, wenye meno ya duara, ni kinyume chake. Kuchanja mstari kwa kisu kabla ya kukata husaidia sana.

Mwanya ukibaki, hewa huvuja, besi hupungua na sanduku huanza kupiga mluzi. Gundi ikishakauka, fungulia muziki wenye besi nzito, pitisha kiganja kwenye maungio: panapokupuliza, ndipo pa kuziba.