Ukiumia Kazini Kwenye Chelezo

Chelezo ni mahali ambapo meli hujengwa. Meli mbovu nazo huvutwa kutoka majini ili zitengenezwe hapo. Katika Ziwa Viktoria, chelezo kimoja kiko Mwanza Kusini. Hapo ndipo ilipojengwa MV Mwanza, meli yenye urefu wa mita 92.6. Ilishushwa majini Februari 2023.

Meli kubwa namna hiyo haijengwi na wahandisi peke yao. Wako wachomeleaji wa vyuma, wapaka rangi, waendesha winchi na vibarua. Wengi wametoka vijijini kama sisi. Pengine mdogo wako anafanya kazi ya namna hiyo.

Kazi hiyo ina hatari. Mtu huanguka kutoka juu ya jukwaa. Mwanga wa kuchomelea huumiza macho. Ndani ya tangi la meli hewa huweza kuwa mbaya, mtu akazimia kabla hajamwita mwenzake. Tena yako madhara yanayokuja polepole. Kelele za nyundo huharibu masikio, na vumbi na moshi huharibu mapafu.

Tuseme mdogo wako ameanguka na kuvunjika mguu. Nani atalipa hospitali? Nyumbani watakula nini?

Wengi hudhani kwamba jibu ni huruma ya tajiri. Sivyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008. (Zanzibar ina sheria yake.) Kwa sheria hii uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Wanaochangia ni waajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja katika mshahara wake.

"Lakini mimi kibarua tu, sina mkataba," mdogo wako atasema. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Sheria inamtambua hata mwanagenzi anayejifunza kazi. Wala hatakiwi kuthibitisha kwamba ajali ilikuwa kosa la mwajiri.

Mfuko hulipia matibabu. Mtu asipoweza kufanya kazi kwa muda, hupata asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Tufanye hesabu. Kama mshahara ni shilingi 400,000 kwa mwezi:

400,000 x 70 ÷ 100 = 280,000

Akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari huupima kwa asilimia. Ukizidi 30, hulipwa pensheni kila mwezi. Usipozidi 30, hulipwa fedha zote mara moja. Akifa, wategemezi wake hulipwa, pamoja na gharama za mazishi.

Sasa tuje kwenye taarifa, maana hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Mtu anaumia, msimamizi anampa nauli na kumwambia akapumzike nyumbani. Miezi inapita. Akirudi kudai, hana karatasi yoyote, na msimamizi yule amekwisha hama. Basi mwajiri apewe taarifa mapema. Naye anatakiwa kuipeleka kwenye Mfuko ndani ya siku 7. Madai yakichelewa zaidi ya miezi 12 tangu siku ya ajali, haki yaweza kupotea.

Barua iwe fupi, namna hii:

"Kwa Meneja. Jana tarehe 4 Machi, saa 3 asubuhi, nilikuwa nachomelea ubavuni mwa meli. Ubao wa jukwaa ulivunjika, nikaanguka. Nimevunjika mguu wa kulia. Walioona ni wachomeleaji wenzangu wawili na msimamizi wa zamu. Naomba taarifa ya ajali hii ipelekwe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi."

Majina ya walioona yaandikwe yote. Kama ameumia mkono, mwandikie wewe, naye aweke dole gumba. Andikeni nakala mbili. Moja abaki nayo meneja. Ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa, irudi nyumbani, iwekwe pamoja na karatasi za hospitali.